Kistari Katikati ya Ndiva Kuu

Kisambuji, Same
4 Machi 2002

Bwana Isihaka,

“Ndiva ni neno la Wapare wote. Halina mwenyewe, na kila mtu ana haki ya kulitumia.” Maneno hayo ni yako. Umeyaandika tarehe 20 Februari na kuyapigia mhuri wa kampuni. Nimeyasoma kwanza kwa hasira, kisha kwa kicheko, mwisho kwa kalamu nyekundu, maana ualimu haumwachi mtu hata serikali ikimpunguza kazi.

Ni kweli, ndiva ni neno la wote. Mtoto gani wa milima hii hajui ndiva? Ni bwawa letu la udongo, linalokinga maji ya kijito ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Na mwezi nao ni wa wote. Lakini mtu akitengeneza sabuni akaiita Mwezi Mpya, akaiuza mpaka akina mama wakifika dukani hawasemi “nipe sabuni” bali “nipe Mwezi Mpya”, wewe huwezi kuamka kesho ukaweka kistari kati ya Mwezi na Mpya, ukawauzia magadi. Hujachukua neno, Isihaka. Umechukua imani ya watu.

Na ndivyo ulivyofanya. Kikundi chetu cha tangawizi, nyumba mia moja na arobaini, kilifungua tovuti Januari mwaka jana pale kwenye intaneti kafe ya Same: ndivakuu.com. Miezi mitatu baadaye wewe ukafungua yako: ndiva-kuu.com. Mama mmoja mnunuzi wa Hamburg alitutafuta, akaingia kwako bila kujua. Ukampelekea magunia ya tangawizi iliyoota ukungu, sijui umeichimba wapi. Barua yake ninayo: “Nilidhani Ndiva Kuu ni watu wa kuaminika.” Ametupa mpaka mwisho wa Julai tumwonyeshe kwamba jina hili ni letu na tunalitawala. La sivyo ataagiza kwingine, na tangawizi ya nyumba mia na arobaini itaozea mlimani.

Achia anwani hiyo. Ukikataa, tutakutana mbele ya wasuluhishi wa Geneva, wanaosikiliza mashauri ya majina ya intaneti. Usicheke. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa wapo.

Lukia Mshana
Katibu, Kikundi cha Wakulima wa Tangawizi Ndiva Kuu


Dar es Salaam
15 Machi 2002

Mwalimu Lukia,

Shikamoo. Nashukuru kwa somo, ingawa mimi hukunifundisha shuleni, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Zama zimebadilika, Mwalimu. Hili ni soko huria. Wengine bado mnaishi kwenye foleni ya duka la ushirika, mmeshika kadi mkononi, mnashangaa wenzenu walioamka mapema. Anwani ilikuwa wazi, nikailipia, nikaichukua. Mwizi hulipia?

Sasa nikuulize swali la mwanafunzi. Kikundi chenu kimeandikishwa mwaka 2000. Kabla ya hapo hilo jina lilikuwa wapi? Nani alilijua? Leteni karatasi moja, moja tu, inayoonyesha kwamba mtu wa nje ya kijiji chenu aliwahi kununua tangawizi kwa jina la Ndiva Kuu. Hamnayo.

Lakini mimi si mtu mbaya. Nipeni shilingi milioni nne, anwani ni yenu, na tutakunywa chai pamoja nikipita Same.

Wako,
Isihaka


Dar es Salaam
28 Machi 2002

Shikamoo Mwalimu,

Nakuomba jambo moja kabla ya yote: barua ya Isihaka usiichane. Najua tabia yako. Ulishachana insha yangu ya kidato cha pili mbele ya darasa zima, na sijasahau. Barua hii tunaihitaji. Amejifunga mwenyewe.

Wale wasuluhishi wanataka tuthibitishe mambo matatu. Kwamba anwani yake inafanana na alama yetu ya biashara kiasi cha kuwachanganya watu: hilo barua ya yule mama wa Hamburg inalisema wazi. Kwamba yeye hana haki wala sababu ya haki ya kulitumia jina hilo: kampuni yake ina jina lingine kabisa. Na kwamba aliiandikisha kwa nia mbaya: milioni nne zake zinatusaidia sana hapo.

Tatizo liko kwenye lile la kwanza. Ili ifanane na alama yetu, lazima kwanza tuwe na alama. Maombi ya kuiandikisha tumepeleka Januari mwaka huu, yaani baada yake. Kwa hiyo lazima tuonyeshe kwamba wanunuzi walilijua jina kabla hajaichukua anwani, na kwamba walipolisikia walitufikiria sisi. Inauma kusema, lakini swali lake ni swali zuri. Bila jibu tutashindwa.

Nilipokwenda msibani kwetu Hedaru nilishuka mpaka Bendera kumwona Mzee Majaliwa, maana kila mtu anasema ndiye aliyeanza kuuza tangawizi kwa jina hilo. Alinipa makande, akaniuliza habari za baba. Nilipotoa hati ya kiapo asaini, aliirudisha mkononi mwangu. Kisha akasema: “Mama, jina hilo silijui lilianza lini.” Mwalimu, alisema akiangalia chini. Na mezani niliona kadi ya biashara ya Isihaka.

Mwanafunzi wako, na wakili wa kikundi,
Fadhila Chande


Kisambuji
9 Aprili 2002

Mzee Majaliwa,

“Silijui lilianza lini.” Umesema wewe! Wewe uliyenionyesha, mwaka 1978, nilipokuja huku kufundisha kisomo cha watu wazima, ukingo wa Ndiva Kuu yenyewe, ukaniambia babu zenu waliichimba kwa msaragambo wa siku arobaini, baragumu likipigwa alfajiri na kila nyumba ikitoa mtu na jembe lake! Wewe uliyeandika “Ndiva Kuu” ubaoni kwa mkono wako, neno lako la kwanza kabla hata ya jina lako!

Nilidhani uzee umekupata. Kisha watu wa Bendera wakaniambia gari la Isihaka lilisimama kwako mchana kutwa. Basi nikaelewa. Kila mtu ana bei yake katika nchi hii ya sasa. Ubaya ni kwamba nilikuwa nimekutoa kwenye hesabu. Nimewapigania wakulima magazetini miaka kumi na tano, nimewaita mawaziri kwa majina, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika barua hii kwako.

Amekupa nini? Bati? Redio? Nyumba mia na arobaini zinasubiri saini moja. Watoto wa wenzako uliopanda nao mlima watarudi kuchimba tangawizi ya kuwatupia madalali wa barabarani kwa bei wanayotaka wao. Kama umeuza, sema umeuza. Usiseme hujui.

Lukia


Bendera
14 Aprili 2002

Mwanangu Lukia,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Nimesoma barua yako polepole kwa sababu ulinifundisha kusoma polepole. Herufi zangu bado ni kubwa, nivumilie.

Isihaka hakunipa bati wala redio. Alikuja kunitisha. Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu, na yeye amekufa bila kulijua.

Mwaka 1982 mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Wewe ulikuwa umehamishiwa Moshi. Huku hakukuwa na sabuni. Wanawake walifua kwa majani ya mpapai na watoto wakaota upele. Tangawizi ilikuwepo, mnunuzi hakuwepo. Tukawa watu kumi na wanne. Tulishusha magunia mpaka Hedaru, Kurwa akayapakia kwenye lori lake la Bedford chini ya katani ya mashamba ya mkonge, akatufikisha chini ya milima ya Ugweno. Kutoka hapo tuliyabeba kichwani, tukazunguka ziwa Jipe mpaka Taveta. Tulirudi na sabuni, chumvi na viberiti. Hayo ndiyo magendo yetu.

Mfanyabiashara wa kule, Muhidin, alituandikia barua. Ninayo. Imeshonwa ndani ya mto ninaolalia. Inasema tangawizi ya Ndiva Kuu imekwisha kwa siku mbili, na wateja wakiletewa nyingine wanairudisha, na tupige alama yetu kila gunia asije akachanganyiwa. Ndipo tukachonga muhuri wa mti.

Mwaka uliofuata walianza kuwakamata watu walioitwa wahujumu uchumi. Tukakusanyika ndani ya ndiva ikiwa kavu, tukala kiapo. Atakayetaja safari zile, maji yasiingie shambani kwake wala kwa wanawe. Mwanangu, kumi na wawili wamekufa hawajataja. Tumebaki mimi na Kurwa. Na Kurwa ndiye baba yake Isihaka.

Kijana alilisikia jina kwa baba yake, ndivyo ninavyoona, maana wazee tukizeeka tunajisifu kwa watoto wetu na kusahau tulichoapa. Alikaa hapo mchana kutwa akirudia neno moja: “Ukitoa karatasi hiyo unamfunga baba yangu, na wewe utamfuata.” Kadi ile aliiacha ili nimpigie simu nikitaka kuiuza. Simu yenyewe sijui inapigwaje.

Polisi naogopa kidogo. Maji naogopa sana. Kiapo kile hakivunjwi na mtu mmoja. Kinaondolewa na wote waliobaki, wakisimama ndani ya ndiva na kutoa tope kwa mikono yao. Sasa niambie wewe msomi, Kurwa atatoaje tope dhidi ya mtoto wake?

Majaliwa


Kisambuji
18 Aprili 2002

Fadhila mwanangu,

Nakutumia barua ya Mzee Majaliwa kwa mkono wa dereva wa basi. Isome kisha uketi.

Nimemwandikia mzee kumwomba radhi. Nilianza na shikamoo tatu, nikafuta mbili. Maneno yangu yote ya miaka kumi na tano, na aliyeyastahili kidogo kuliko wote ndiye niliyempiga nayo kwa nguvu zaidi. Mzee alilala na ushahidi wetu chini ya shingo yake miaka ishirini, mimi namuuliza bei ya bati!

Nijibu kama wakili, si kama mtoto wa Hedaru mwenye adabu. Je, anaweza kufungwa? Kama anaweza, hata kidogo tu, barua ile itabaki ndani ya mto na jina tutalipoteza. Sitalinunua jina kwa mzee wa miaka sabini na mitatu.

Lukia


Dar es Salaam
27 Aprili 2002

Shikamoo Mwalimu,

Pumua. Nimemuuliza wakili mkuu wa ofisi yetu, aliyetetea watu wa 1983 wenyewe. Alikunja uso, kisha akacheka. Akasema: “Nani atapeleka mahakamani magunia ya tangawizi yaliyokwisha kuliwa kabla wewe hujaanza shule? Mpaka wenyewe walishaufungua. Leo mtu akipeleka tangawizi Taveta anapewa cheti cha mwuzaji bora wa nje.” Nimemwomba aandike hivyo kwa karatasi ya ofisi, ameandika, na imo ndani ya bahasha hii. Mpe Mzee Majaliwa aishone kwenye mto badala ya ile nyingine.

La pili sikutumwa, nimejituma. Mzee Kurwa na baba yangu husali msikiti mmoja. Nilipanda basi Ijumaa, nikamkuta barazani akichambua mchele. Nilimweleza yote. Nilitegemea anifukuze.

“Isihaka ameandikisha Ndiva Kuu?” akauliza.

“Ndiyo, babu.”

“Ile ile niliyopakia kwenye Bedford?”

“Ile ile.”

“Na akamwambia Majaliwa kwamba mimi nitafungwa?”

“Ndiyo.”

Akaweka ungo chini. “Mimi aliniambia Majaliwa ndiye anataka kunitaja polisi. Miezi miwili sijamsalimia rafiki yangu hata kwa salamu ya kutumana.” Kisha akasema: “Mjukuu wangu, mwanangu simchukii. Lakini kuna watu kumi na wawili chini ya ardhi waliobeba gunia lile, na hakuna hata mmoja aliyeweka kistari. Jumamosi nitapanda.”

Fadhila


Bendera
30 Aprili 2002

Mwalimu Lukia,

Kurwa atanipitia kwa gari Jumamosi. Magoti yangu hayapandi tena. Mwambie mgawa maji aiache ndiva tupu siku hiyo. Watu wasije wengi. Jembe usilete, ni kazi ya mikono. Leta makande.

Ile karatasi ya wakili nimeisoma mara nne. Nimelala vizuri, ila mto sasa umekuwa mwepesi, shingo inauma.

Majaliwa


Kisambuji
5 Mei 2002

Fadhila,

Ndani ya bahasha: barua ya Muhidin ya tarehe 11 Septemba 1982, hati za viapo za Mzee Majaliwa na Mzee Kurwa, zimesainiwa mbele ya hakimu wa Same, na picha ya muhuri wa mti, tulioukuta umegeuzwa kigingi cha kufungia mbuzi. Madoa kwenye hati ya Kurwa ni tope. Alinawa vibaya. Usiyafute.

Sitakusimulia habari za jana. Nitasema tu kwamba wazee wale walitaja majina kumi na mawili, kila jina kwa konzi ya tope, na kwamba maji yalipofunguliwa mimi, mpiga kelele wa wilaya nzima, nilivua viatu nikayafuata mferejini.

Soma kipengele cha saba cha hati ya Kurwa. Anasema alimsimulia mwanawe jina, alama na Taveta, sikukuu ya Idi mwaka 2000. Hata karatasi aliyosema hatunayo, aliambiwa iko wapi.

Tuma Geneva.

Lukia


Dar es Salaam
12 Julai 2002

Mwalimu! Shikamoo, na shikamoo kwa wazee wote wawili!

Tumeshinda. Uamuzi umefika kwa barua pepe leo asubuhi, nimeuchapa, nimeusoma nimesimama. Msuluhishi ameamuru ndiva-kuu.com ihamishiwe kwetu. Nakutafsiria aliposema la maana: kwamba kistari hakimsaidii mnunuzi kutofautisha kitu chochote, kwamba barua ya Taveta inaonyesha wateja wakilitaja jina na kukataa bidhaa nyingine, na hiyo ndiyo kazi ya alama ya biashara, iwe imeandikishwa au haijaandikishwa, na kwamba matumizi hayakukatika tangu hapo, magunia yetu yakiendelea kuuzwa Hedaru kwa jina lile lile, kama hati za wazee zinavyosema. Juu ya nia mbaya hakuhitaji maneno mengi. Aliweka barua ya milioni nne kando ya kipengele cha saba, basi.

Isihaka ana siku kumi za kazi kwenda mahakamani kupinga. Hataenda. Alinipigia simu mwenyewe, sauti yake ndogo, akauliza kama baba yake yuko salama. Nikamwambia amuulize yeye.

Mama wa Hamburg nimeshamtumia nakala. Amejibu kwa mstari mmoja: anataka magunia mia mbili ya mwanzo, na kila gunia lipigwe muhuri wa mti.

Fadhila


Kisambuji, Same
29 Julai 2002

Kwa viongozi wa vikundi vya wakulima wa mpunga Bendera, kahawa Ugweno, na wauza vitunguu wa Hedaru,

Jana niliandika “ndiva-kuu.com” kwenye kompyuta ya Same, nikabonyeza, ikafunguka nyumba yetu. Wapo wanaosema niliruka. Mwalimu wa miaka hamsini na mbili haruki. Niliinuka kwa haraka.

Sasa nisikilizeni. Wiki hii tu nimepokea barua ya mmoja wenu isiyo na haya: “Sisi ni wakulima wadogo, mambo ya majina ya intaneti ni ya wenye kampuni.” Kweli? Isihaka alikuwa na kampuni. Aliona thamani ya jina letu kabla yetu wenyewe. Soko huria limefungua milango, lakini halikumwambia mtu afunge wa kwake. Tuliponea chupuchupu, na tuliponea kwa sababu mzee mmoja alilalia karatasi miaka ishirini na mwenzake akakubali kuchafua mikono dhidi ya mtoto wake mwenyewe. Je, mzee wenu yuko hai bado?

Isihaka mwenyewe ameniandikia. Hakuweka mhuri. Anasema baba yake hazungumzi naye, na anauliza afanye nini. Nimemjibu kwamba Jumamosi tarehe 10 Agosti ni msaragambo wa kusafisha Ndiva Kuu, kila mtu aje na jembe lake, na kwamba mzee Kurwa atakuwepo akisimamia makande. Mengine ni yake.

Na ninyi njooni siku hiyo hiyo, saa tatu asubuhi. Fadhila Chande atakuwepo na fomu za kuandikisha alama za biashara, na Muhidin mdogo, mjukuu wa yule wa Taveta, ameahidi kuja kumwona Mzee Majaliwa, aliyeandikiwa na babu yake. Msije mikono mitupu. Njooni na magunia yenu ya zamani, hata yaliyogeuzwa pazia la bafu. Mihuri, risiti, barua za wanunuzi. Msiyafue.

Nanyi wazee mliobeba mizigo miaka ile mkaapa kunyamaza: hamtafungwa, wakili ameandika na nakala ninayo. Fumueni mito. Leteni karatasi mkiwa hai, mtusomee wenyewe.

Lukia Mshana
Katibu